Haikuwa Imeumuka

Usiku wa kuamkia mtihani sikusoma kitu.
Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, macho nimefumba,
mfuniko wa sufuria ndio usukani,
mwiko ndio wenzo wa injini,
na Aurelio, mume wangu, katika pajama zake za mistari,
akiniitia orodha kwa sauti ya padri mwenye usingizi.
Mafuta? Yapo, nusu na robo.
Mikanda? Imefungwa.
Milango? Nikanyoosha mkono, nikagusa kabati la vikombe.
Paka alitutazama, akaondoka.

Mimi ni mwoka mikate wa Gaiman.
Miaka kumi na tisa naamka saa tisa za usiku.
Mwalimu Ibarguren aliniambia siku ya kwanza:
"Unaukaba usukani kama shingo ya kuku.
Ushike kama kinyunya kilichokwisha kuumuka."
Hilo nililielewa papo hapo.
Mengine yote yalinichukua miaka miwili.

Upepo wa Chubut hauna adabu, haupigi hodi.
Asubuhi ulikuwa umeshafika uwanjani kabla yangu,
unaichezea soksi ya upepo, unairusha huku na huku.
Mkaguzi, Bi Scarpatti, alikuja na kalamu tatu mfukoni.
Nilikuwa nimeoka keki nyeusi, ile ya bibi zetu
waliokuja kwa meli kutoka Welisi;
nikaiacha garini, isije ikaonekana rushwa.

Nikakinga mafuta kidogo kwenye kichupa,
nikakiinua juani: samawati, safi,
hakuna tone la maji lililojificha chini.
Nikapitisha kiganja kwenye ukingo wa rafadha.
Mkono ulikuwa unatetemeka. Basi, nikauacha utetemeke
huku ukifanya kazi.

Futi elfu tatu. Mto chini yetu,
utepe wa kijani katika nchi iliyokauka.
Mkono wa Bi Scarpatti ukapita mbele yangu,
ukavuta wenzo nyuma.
"Injini imekufa," akasema,
kama mtu anayesema mvua imeanza.

Moyo ukapanda hadi kooni.
Nikauacha hukohuko; sikuwa na muda wa kuushusha.
Pua chini kidogo. Mwendo, sitini na tano.
Shamba lile lina kondoo.
Lile lina nguzo, na penye nguzo pana waya.
La tatu limelimwa, matuta yake yanaelekea upepo: hilo.
Nikataja kwa sauti kila nilichogusa,
kama nilivyoliambia kabati la vikombe.
"Inatosha," akasema, na injini ikanguruma.
Akaandika. Akaandika tena.
Neno gani refu hivyo?

Kisha kutua.
Upepo ukatupiga ubavuni, mstari mweupe ukanihama,
ukateleza kushoto, na ardhi ikawa karibu.
Kuna sauti humjia mtu siku ya mtihani:
lazimisha, anakutazama, umebakiza hili tu.
Naijua. Ndiyo iliyoniunguzia trei arobaini
asubuhi ya harusi ya binti wa meya,
nilipoona haya kusema tanuri limezidi moto.

Nikausukuma wenzo wote mbele.
"Napanda tena," nikasema.
Hakujibu.

Kwenye mzunguko ule wa pili, juu ya mipopla na kanisa,
ndipo nilipogundua kwamba mkono umetulia.
Sijui ulitulia lini.
Nilikuwa nimevuta pumzi kwa hesabu wiki nzima
na haukusikia.
Gurudumu la upande wa upepo likagusa, likafuata la pili,
pua ikashuka yenyewe.

Tulipozima, kimya kikatuvamia masikioni.
"Ile ya kwanza," akauliza, "mbona uliiacha?"
"Haikuwa imeumuka," nikasema,
kisha nikatamani kulimeza jibu langu.
Alinitazama kitambo. Akafunika kalamu.
"Keki hiyo inayonukia garini mwako," akasema,
"ni ya nani?"

Hatukuwa na kisu.
Tuliikata kwa rula ya ramani,
na makombo yake yangali kwenye leseni yangu.